Waliopita Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Miaka thelathini na mmoja Mzee Paskali alilipwa mshahara wa kukaa kando ya barabara na kuhesabu magari, na katika miaka hiyo yote hakuongeza wala kupunguza gari hata moja. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu mengine yote yaliyotoka kinywani mwake yalikuwa yameongezwa. Simba aliyemwona mara moja tu, kwa mbali, tena akiwa ndani ya basi, siku hizi walikuwa saba na mmoja wao alimwomba kiberiti. Mafuriko ya mwaka ule wa mvua nyingi yalimbeba na kiti chake kutoka Sepuka hadi mlangoni kwa shemeji yake, akafika chai ikiwa bado inatoa moshi. Lakini mpe karatasi na penseli, mwambie ahesabu, na uongo wote unamtoka kama homa iliyopata dawa.

Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Mandewa, Singida, akanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, akajifungia nayo chumbani. Hakufundishwa na mtu. Alisoma maelekezo, akakosea, akafuta, akasoma tena. Mkewe, Elina, alikuwa akimsikia akigombana nayo kama mtu anayegombana na mbuzi shambani. Baada ya miezi minne alitoka na tovuti. Ilikuwa ya kijani kinachoumiza macho kidogo, ina picha yake akiwa amevaa kofia, na ndani yake zilikuwamo hadithi ishirini na nane. Katika hadithi kumi na tisa kati ya hizo alikuwamo mjinga mmoja anayeitwa Bonaventura.

Bonaventura alikuwepo kweli. Alikuwa Mgogo wa Kintinku, na kwa miaka ishirini na miwili walikaa viti viwili kwenye kituo kimoja cha Sepuka, Paskali akihesabu magari yanayokwenda, Bonaventura yanayorudi. Paskali ni Mnyaturu, na kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikuwa watani. Bonaventura alimsema mwenzake kwa punda wa Wanyaturu, mwenzake akamjibu kwa mlenda wa Wagogo, na siku ilipoisha walipanda gari moja kurudi mjini. Utani huo haukustaafu.

Wazee wa upande wa mume walipokuja kumaliza maneno ya mahari ya Aneth, mjukuu wa Paskali, Bonaventura naye alitoka Kintinku akaja, maana jambo la nyumba ile halikuwezekana bila yeye kuwepo na kulisumbua. Chakula kilipopungua sahanini, Paskali alijifuta mikono na kuanza hadithi ya jogoo wa Sepuka. Bonaventura akaweka mfupa chini.

"Hii nimeisikia mara arobaini," alisema.

"Wageni hawajaisikia. Na walio mbali wanaisoma kwenye tovuti."

"Nani anaisoma, mtani? Nitajie mtu mmoja tu, mwenye jina na miguu."

"Watu wengi."

"Wangapi?"

Hapo Paskali akakwama. Elfu kumi ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na wageni wangeimeza pamoja na mchuzi. Lakini ameulizwa idadi, na kwenye idadi ulimi wake haukujua kucheza.

"Sijahesabu," alisema polepole.

Wazee wa upande wa mume walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Bonaventura hakucheka. Alikuwa ameona mlango uko wazi.

"Mhesabuji ambaye hajahesabu," alisema. "Basi hesabu. Sendofu ya kumuaga huyu mtoto ni wiki nne zijazo. Tovuti yako ikifunguliwa mara mia moja kati ya kesho na siku hiyo, nasimama mbele ya wakwe, nasimulia hadithi ya jogoo kama ulivyoiandika wewe, na mjinga nikiwa mimi. Isipofika mia, unasimama wewe. Unatangaza kwamba hadithi zimeisha. Unaizima hiyo kijani yako, na kuanzia hapo, mezani kwa mtu yeyote, Singida au Kintinku, unakula kimya kama wanadamu wengine."

Elina, aliyekuwa akitoa sahani, alisimama nazo mkononi.

"Kwa sheria zipi?" Paskali aliuliza.

"Zile zile za kituo. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Likipita mara mbili linahesabiwa mara mbili. Gari la ofisi halihesabiwi."

"Na hakuna kuwaomba ndugu wapitepite," Paskali aliongeza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Walishikana mikono juu ya mifupa. Usiku ule Elina alimwambia mumewe kwamba amekubali upesi kuliko alivyomposa yeye, na kwamba akishindwa, yeye Elina atapata utulivu ambao ameuomba kwa Mungu tangu ndoa. Mtu ambaye hana mali nyingine ya kuweka mezani zaidi ya maneno alikuwa ameyaweka yote.

Asubuhi alikwenda mjini, kwenye duka la Janvi karibu na soko. Janvi, binti wa marehemu Rakesh, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anauza karatasi na wino, anachapa kadi za harusi, na anajua Kinyaturu cha kutosha kumshusha bei muuza kuku yeyote. Kadi za Aneth zilikuwa zikichapwa kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Janvi. Nataka kituo."

Ilichukua muda kuelewana. Alipoelewa, Janvi alivuta kiti chake na kumwonyesha. Kila ukurasa wa tovuti unawekewa mistari michache ya maandishi ya kompyuta ambayo msomaji haioni. Mtu akifungua ukurasa, mistari hiyo inapeleka taarifa: umefunguliwa, saa fulani, kwa simu ya aina fulani, na aliyefungua amekaa dakika ngapi.

"Jina lake inasema?"

"Haisemi, mzee."

"Vizuri. Hata sisi hatukuandika majina ya madereva. Kuna mmoja alikuwa akipita Sepuka kila Jumatano akiwa na abiria ambaye si mke wake. Nilimwandika gari dogo moja, kwenda. Gari dogo moja, kurudi. Basi."

"Na mke wake hakuja kuuliza?"

"Alikuja. Nikampa idadi ya malori."

Janvi alinakili ile mistari, akaibandika juu ya kurasa zote ishirini na nane, moja baada ya nyingine, huku Paskali akiangalia juu ya bega lake na kutamka kila namba kwa sauti ya chini. Kisha Janvi akataka simu yake.

"Hii tunaitia alama isihesabiwe. Bila hivyo utajihesabu mwenyewe. Nina mteja mmoja alifurahi wiki nzima kuwa ana wasomaji mia tatu, kumbe ni yeye anatafuta makosa ya herufi."

"Gari la ofisi," alisema Paskali kwa kuridhika. "Na ya Elina pia. Na hii kompyuta yako."

"Yangu ya nini, mzee? Mimi nakusomaga kweli."

"Wewe ndiye fundi wa kituo."

Jambo la mwisho alilotaka ni kibao. Barabarani siku zote waliweka kibao ili dereva ajue anahesabiwa. Janvi alimwambia kwamba kwenye tovuti watu huweka onyo refu lenye maneno ya kisheria ambalo hakuna anayelisoma. Paskali akaandika lake, maneno matatu, akaliweka juu kabisa: *Hapa wanaopita wanahesabiwa.*

Jikoni kwake, nyuma ya mlango, alitundika karatasi yenye mistari aliyoichora kwa rula. Kila jioni saa kumi na mbili alisoma idadi kwenye simu na kuihamishia pale kwa penseli, vijiti vinne vilivyosimama na cha tano kikivikata kiunoni. Siku ya kwanza vilikuwa vinne. Siku ya pili viwili. Siku ya tatu hakukuwa na kitu, jambo ambalo hata barabara ya Sepuka wakati wa masika, daraja likiwa limekwenda na maji, haikuwahi kumfanyia. Hata siku ile alipita mtu na baiskeli begani.

"Labda wamesimama mahali wananunua vitunguu," alisema Elina.

"Watapita."

"Sawa, Baba Rebeka. Mimi nimeanza kuzoea sauti ya kijiko peke yake."

Wiki ya pili vijiti vilifika arobaini na tano. Paskali alipiga hesabu ya mwendo, akaona kwamba kwa kasi hiyo siku ya sendofu atakuwa na tisini. Alipunguza chumvi. Hata uongo wake ulipungua. Jirani alimuuliza habari za mvua, akajibu kwamba haijanyesha.

Ilikuwa katika hali hiyo ya unyonge ndipo alipobonyeza sehemu ya ripoti ambayo hakuwahi kuifungua, sehemu inayopanga wapitaji kwa saa za siku. Zikatokea nguzo ndogo ndogo, fupi kama visiki, moja kwa kila saa. Lakini kando kabisa, upande wa alfajiri, ilisimama nguzo moja ndefu peke yake, kama mnara wa simu katikati ya mtama.

Saa kumi na moja alfajiri. Kila siku.

Paskali alivaa miwani. Simu ilikuwa ile ile siku zote, ya kioo kidogo, ya zamani. Ilifungua hadithi moja, ikaisoma yote, ikaenda ya pili, wakati mwingine ya tatu. Na ilitoka saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Kesho yake, hamsini na tano. Kesho yake, hamsini na nne. Hata siku moja haikugusa saa kumi na mbili.

Alikaa akiitazama ile orodha. Mtu wa kawaida huacha kusoma akichoka, au bando likiisha, au maziwa yakimwagikia jiko. Huyu alikuwa anaacha kwa kuogopa saa. Na duniani, kwa kadiri Paskali alivyojua, walikuwa wamebaki hai watu wawili tu walioamini kwa moyo wote kwamba kinachopita kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla meza haijatandikwa na penseli haijachongwa, hakikupita. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Mwingine ndiye aliyeweka masharti juu ya mifupa, kwa uso mkavu kama wa hakimu: saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili.

Elina alimkuta akitikisika mabega.

"Unalia?"

"Hapana."

"Unacheka nini peke yako?"

"Siri ya dereva, Mama Rebeka."

"Ni mwanamke?"

"Kama ni mwanamke, basi ni wa kwanza niliyemwona na masharubu ya namna hiyo."

Wiki ya tatu ilipoisha, Janvi alimpigia simu kwa furaha. "Mzee, hongera. Kompyuta inasema mia moja thelathini na tatu."

"Toa ya alfajiri."

"Kwa nini? Ni watu."

"Ni mtu. Na amepita kabla sijatandika meza."

Janvi aliyatoa, akahesabu tena. "Sabini na mbili," alisema, na furaha ilikuwa imemtoka. "Lakini mzee, huyo anakusoma kuliko wote. Mwambie tu mtani wako kuna msomaji mmoja hivi na hivi."

"Nikimwambia atanyamaza, na nitakuwa nimemsema. Afadhali nimwekee njia ya mchepuko."

Wahandisi wa barabara wanapotengeneza daraja, hawamwombi dereva apite pengine. Wanaifunga njia na kuweka mshale, na dereva anakwenda mwenyewe, huku akitukana. Paskali alifungua hadithi ya jogoo wa Sepuka na kuitazama kama fundi anayetazama daraja.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Pale kituoni alipita jogoo mkubwa kuliko desturi, tena kwa mwendo ambao Bonaventura, aliyekuwa ameinamia karatasi, alisikia upepo tu na akamwandika kwenye safu ya pikipiki. Baada ya muda jogoo akarudi, akamkazia macho Bonaventura, akamvamia. Bonaventura akarukia lori la alizeti lililokuwa likipita. Lori likakata Ndago, likakata vijiji vyote, na jogoo nyuma. Lilipofika Kizaga dereva akafunga breki, kwa sababu jogoo alikuwa amekwisha fika na amesimama katikati ya barabara. Kwa miaka yote Paskali alimalizia hapo kwa kusema dereva alimpa jogoo lifti ya kurudi.

Sasa aliufuta mwisho huo. Mahali pake akaandika: *Mwisho mliousikia si wa kweli. Wa kweli nimeuficha kwa miaka mingi kwa kumheshimu mtu. Utafunguliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa tatu asubuhi, na utafungwa siku hiyo hiyo saa kumi na mbili jioni. Hautarudi.*

Alfajiri iliyofuata, ile simu ya kioo kidogo iliingia kama kawaida. Ilikaa kwenye maneno hayo machache dakika kumi na tisa.

Jumamosi ilipofika, vijiti nyuma ya mlango vilikuwa tisini na moja. Saa tatu kamili Paskali aliufungua mwisho, akavaa suti, na akaiweka simu yake kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo. Mchana vilikuwa tisini na tatu. Uani turubai lilikuwa limefungwa, maspika yamewashwa, na Aneth amekaa mbele kwa gauni la rangi ya dhahabu, akitazama chini kama inavyotakiwa. Elina alipita na sinia la maandazi, akainama sikioni kwa mumewe.

"Akina mama wa kwaya wako ishirini na sita pale. Wote wana simu. Neno moja tu."

"Hatuombi."

"Wewe huombi. Mimi je?"

"Wewe umeolewa na ofisi."

Elina akamwekea andazi la pili kwenye sahani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na akaondoka bila utani wowote. Hapo ndipo Paskali alipojua kwamba hata mkewe hataki ile sauti ya kijiko.

Saa kumi na moja na robo jioni, vikiwa tisini na nne, ujumbe wa Kintinku uliingia kwa basi dogo la kukodi, Kosta. Walikuwa kumi na wanne, wakiimba, na mbele yao Bonaventura amevaa koti jipya. Alimkumbatia Paskali na kumwangalia usoni.

"Umepunguka, mtani. Punda wamekunyima usingizi?"

"Wewe ndiye mwenye macho mekundu. Siku hizi unaamka saa ngapi?"

Bonaventura alikohoa kidogo na kwenda kuwasalimia wakwe.

Waliobaki walijipanga kusalimiana, na wa kwanza alikuwa Scola, dada yake mkubwa Bonaventura, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliushika mkono wa Paskali na hakuuachia.

"Ndiye wewe Paskali?"

"Ndiye mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe uliyefukuzwa na jogoo mpaka Kizaga?"

Paskali alidhani amesikia vibaya. "Jogoo alimfukuza Bonaventura."

"Bona?" Scola aliwageukia wenzake. "Anasema jogoo alimfukuza Bona."

Ujumbe mzima wa Kintinku ulicheka, na maneno yakaanza kumwagika kutoka kila upande. Walimjua Paskali wote. Walijua aliwahi kulala kituoni akahesabu ng'ombe ndotoni na kuwaandika mabasi. Walijua alivyokwama kwenye mzinga wa nyuki na shati la serikali. Hadithi kumi na tisa zilikuwa zimehama Mandewa hadi Kintinku, zikawasili nzima, bila kukosa hata mkia, isipokuwa njiani watu wawili walikuwa wamebadilishana majina.

"Anatusimuliaga jioni, tukishakamua," alisema mzee mmoja. "Anasema yote aliyaona kwa macho yake."

"Lakini hii ya jogoo hajaimaliza," alisema Scola, akiwa bado na mkono wa Paskali. "Wiki nzima tunamuuliza, anasema subirini. Ndani ya Kosta tumemuuliza tangu Manyoni. Sasa wewe ndiye mwenyewe. Jogoo alisimama barabarani, halafu?"

Paskali alifungua mdomo. Ulikuwa pale, mwisho wote, wa moto kama chapati. Akaufunga mdomo.

"Leo siwezi kusimulia, dada. Mpaka saa kumi na mbili ipite. Muulize ndugu yako kwa nini."

Bonaventura alikuwa amekwisha ona. Alikuja haraka akipenya katikati ya viti, na mkono mmoja ulikuwa umeshika mfuko wa koti. Pengine kama asingeushika, Scola asingeuangalia.

"Bona, lete hiyo simu."

"Ya nini, dada?"

"Ile unayosaliaga alfajiri zizini. Miezi yote hii nimewaambia watu ndugu yangu ameokoka. Namwona anasali, halafu anacheka. Nikasema ni furaha ya Roho. Lete."

Mtu wa miaka sitini na saba hawezi kumnyima dada yake simu mbele ya wakwe. Scola aliibonyeza. Kijani kikamulika uso wake, na juu ya kijani picha ya Paskali na kofia.

"Kumbe huyu ndiye mungu wako," alisema.

Bonaventura alisema kwa sauti ndogo, "Dada, usifungue. Ni saa kumi na moja na nusu. Subiri nusu saa tu, nakuomba."

Lakini pale chini iliandikwa kwamba mwisho unafungwa saa kumi na mbili jioni na hautarudi, na Scola alikuwa mtu wa kusoma. Alifungua. Alianza kusoma kwa sauti, akafika kwenye jina la aliyerukia lori, akarudia jina hilo mara mbili. Basi. Wale wengine kumi na wawili hawakungoja simu iwafikie. Walichungulia anuani ya tovuti begani kwake, kila mmoja akatoa ya kwake, ili ahakikishe kwa macho yake nani alimkimbia nani.

Janvi alikuwa amekaa meza ya nyuma, na ripoti iko wazi mbele yake. Aligeuza kadi ya mwaliko na kuanza kuchora mgongoni mwake vijiti. Tisini na tano. Tisini na sita. Mtandao ulikuwa unavuta miguu, na kila kijiti kilikuja kwa wakati wake. Tisini na tisa kilikaa muda mrefu peke yake, mpaka Elina, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Janvi na sinia tupu, akaanza kusema sala. Kisha vikaja vinne kwa pamoja. Saa kumi na moja na dakika hamsini vilikuwa mia moja na saba, na akina mama wa kwaya, bila kuombwa na mtu, walikuwa wanauliza kelele ni za nini na wanatafuta miwani.

Janvi alipeleka kadi kwa Paskali. Alivihesabu mwenyewe kwa ncha ya kidole, mafungu ya tano tano, kwa utaratibu, huku watu wakimngoja. Alihesabu mara ya pili. Kisha akampa Bonaventura, kama walivyopeana karatasi kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, na Bonaventura naye akahesabu.

"Ni sahihi," alisema Bonaventura.

"Ni sahihi."

"Ulijua? Ya alfajiri?"

"Mashine hailali, mtani. Mimi ndiye ninayetandika meza saa kumi na mbili."

Bonaventura aliitafakari hiyo, akasugua masharubu. "Na hukunihesabu."

"Ulipita kabla ya saa."

Mshereheshaji alimpa kipaza sauti. Bonaventura alisimama mbele ya Aneth na wakwe na ukoo wake wote, akasimulia habari ya jogoo, na mjinga akiwa yeye. Alianza kama mtu anayemeza dawa. Alipofika Ndago alikuwa amevua koti. Alipofika Kizaga alikuwa jogoo, na lori, na dereva, na alizeti zinazomwagika, na bibi harusi alikuwa amesahau kutazama chini. Kisha akasimulia mwisho, aliokuwa ameusikia dakika chache tu zilizopita kwa sauti ya dada yake: kwamba jogoo hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa amepita kituoni mara mbili, kwenda na kurudi, na kwenye karatasi ameandikwa mara moja. Alikuwa amekuja kudai kijiti chake. Bonaventura akatoa penseli mfukoni, akamwandikia palepale barabarani, na jogoo akaitazama karatasi, akatikisa kichwa, akamwambia safu ya pikipiki nayo airekebishe.

Sehemu hiyo ya pikipiki haikuwamo kwenye tovuti. Bonaventura aliiongeza mwenyewe. Paskali, katikati ya makofi, alitoa kalamu akaiandika kiganjani asije akaisahau.

Jumapili Elina alikuta mumewe mezani, anakula na kusema kwa wakati mmoja, anawaeleza wageni waliolala kwamba Kosta ya Kintinku ilikuwa na watu sabini na ngoma tatu. Simu ilikuwa kando ya kikombe. Alfajiri, ile nguzo ndefu haikuonekana. Saa kumi na moja ilipita tupu.

Mtu wa kwanza aliingia saa kumi na mbili na dakika mbili, kwa simu ya kioo kidogo. Paskali aliinuka, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, na akachora kijiti kimoja.